CHOO CHA MWENYE ULEMAVU SI HISANI

Yapo mambo ambayo watu huona haya kuyataja hadharani, na kwa haya hiyo hubaki bila ya kutengenezwa. Mojawapo ni choo. Hapa Pemba, tangu Mkoani hadi Chake Chake na Wete, majengo ya umma yanaendelea kusimamishwa. Tunaloliuliza ni hili: je, mwananchi anayetumia kiti cha magurudumu ataingia msalani humo na kutoka na heshima yake?

Sheria haikunyamaza. Tangu mwaka 2006 Zanzibar imekuwa na sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa haki hizo, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinazitaka nchi ziyafanye majengo ya umma yafikike na watu wote. Lakini karatasi haipanui mlango mwembamba. Anayeupanua ni fundi mwenye futi kamba mkononi.

Vipimo vyenyewe si siri. Mlango uwe na uwazi usiopungua sentimita 80, nao ufunguke kwa nje. Ndani ibaki nafasi ya duara lenye upana wa mita 1.5, ili kiti kiweze kugeuka. Kizingiti kisiwepo, na palipo na kimo cha sentimita 15, pajengwe mteremko wa urefu wa mita 1.8. Choo cha kuchutama hakimfai asiye na nguvu za miguu. Kiwekwe cha kukalia, pamoja na vyuma imara vya kushikilia ukutani. Na kwa kuwa twahara yetu ni ya maji, bomba na kopo viwe karibu na mkono wa aliyekaa.

Liko jambo moja zaidi, ambalo kwetu lina uzito wa pekee. Choo hicho kiwe chumba cha peke yake, cha mtu mmoja, chenye mlango wake. Katika vyoo vilivyogawanywa vya wanaume na vya wanawake, binti hawezi kumsindikiza baba yake mgonjwa, wala mume kumwinua mkewe. Chumba cha peke yake huhifadhi stara ya wote wawili.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni gharama. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mlango mpana ukichorwa kabla ya msingi kuchimbwa, huongeza kidogo tu. Ukisahauliwa, hapana budi ukuta uvunjwe. Basi tunawaomba wahandisi na wakaguzi wapime vyoo kabla ya rangi kupakwa, na jengo lisilotimiza vipimo lisipokelewe. Uzee na ajali havimchagui mtu, na mlango tunaoujenga leo huenda kesho tukauhitaji sisi wenyewe.