Vitu vya Mezani Vyahubiri

Huko Uholanzi, katika mji wa Den Haag, mna jumba la picha liitwalo Mauritshuis. Humo imetundikwa picha ndogo iliyochorwa na Pieter Claesz mwaka 1630. Ndani yake hatuoni mtu wala malaika, bali fuvu la kichwa, saa, bilauri tupu iliyoanguka, na mshumaa uliokaribia kwisha. Hata hivyo picha hiyo yahubiri.

Fuvu latukumbusha kifo. Saa yahesabu siku zetu. Mshumaa hutoa mwanga huku ukijimaliza, na bilauri tupu yasema kwamba karamu imekwisha. Picha za namna hii huitwa Vanitas, neno la Kilatini lenye maana ya ubatili, litokalo katika Kitabu cha Mhubiri.

Kwa nini wachoraji walichagua vyombo vya nyumbani? Mwaka 1566 sanamu nyingi za makanisani zilivunjwa katika nchi zile. Baadaye Waprotestanti walipotawala Uholanzi, kazi ya kupamba altare ikapungua sana. Ndipo wachoraji wakawauzia wenyeji wa mijini picha za kutundika nyumbani: limau lililomenywa nusu, zuri machoni na kali kinywani, maua yanayokaribia kunyauka, tunda lenye doa la kuoza. Tusidhani kwamba kila tunda lilikuwa fumbo. Mengine yalichorwa kwa uzuri wake tu. Tena tustaajabu kidogo: tajiri alitoa fedha zake kununua picha ya kumwambia kwamba fedha hazidumu!

Je, vitu vya dunia ni bure kabisa? Jan Davidsz. de Heem, mzaliwa wa Utrecht aliyehamia Antwerpen, alijibu kwa rangi zake. Mwaka 1648 alichora kalisi na Hostia, vikizungukwa na ngano, zabibu na matunda mengi. Matunda hayo ni yale yale yaozayo; lakini hapa yamemzunguka Yeye asiyekufa tena. Na katika Misa, ni ngano na zabibu zitupazo mkate na divai.

Basi jioni hii, kabla ya kuomba baraka ya chakula, tuvitazame kidogo vyombo vyetu: sahani, kikombe, taa. Vyatuambia maneno mawili: tutaviacha, tena tulipewa. Anayesahau neno la kwanza huviabudu. Anayesahau la pili hukosa shukrani.