Elimu ya Mabehewa Madogo

Katika mtaa wa Esseghem, nyumba namba 135, huko Jette, kaskazini-magharibi ya Brussels, aliishi tangu mwaka 1930 hata mwaka 1954 mchoraji René Magritte, na katika nyumba hiyo, ambayo leo ni makumbusho yake, liko meko la sebuleni ambalo husemwa kuwa ndilo lililompa sura ya picha yake mashuhuri ya mwaka 1938, ambayo garimoshi linachomoza ndani ya meko, moshi wake ukipanda kuingia dohani, saa na kioo vikiwa juu yake kana kwamba halikutokea jambo lolote la ajabu. Picha yenyewe sasa iko Chicago. Wengi wameifasiri kwa namna nyingi, na mimi sina la kuongeza katika tafsiri zao; ila kwa kuwa shughuli yangu ni mabehewa, jicho langu huenda daima mahali palipoachwa tupu: kichwa cha garimoshi kimechorwa kwa uangalifu mkubwa, walakini nyuma yake hapana behewa hata moja.

Hivyo ndivyo wafanyavyo wakusanyaji wengi wa magarimoshi madogo ya mfano. Kichwa ndicho kitafutwacho, ndicho kiwekwacho katika kabati la kioo, na ndicho kipandacho bei mwaka baada ya mwaka, ilhali mabehewa hutupwa pamoja katika sanduku la karatasi chini ya meza, bila boksi, bila jina, kila moja kwa euro chache. Rai yangu, ambayo ningependa kuithibitisha hapa, ni kwamba dharau hiyo imemwachia mtu wa kipato kidogo hazina iliyo bora. Maana kichwa hutuambia garimoshi lilivutwaje, lakini behewa hutuambia lilivuta nini, na reli hazikujengwa kwa ajili ya kuvuta bali kwa ajili ya kuchukua makaa, samaki, bia, barua na wanadamu.

Jette ni mahali pafaapo kuanzia elimu hii. Stesheni yake, ambayo jengo lake ni la mwaka 1892, iko kwenye njia ya kutoka Brussels kwenda Ghent, na nchi yenyewe, Ubelgiji, ni miongoni mwa zilizotangulia kabisa katika bara la Ulaya kuwa na reli ya mvuke, kwani njia ya Brussels hadi Mechelen ilifunguliwa tarehe 5 Mei 1835. Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Agosti huwa ni siku ya gulio kuu la mwaka la Jette, na katikati ya Brussels, katika uwanja wa Jeu de Balle, soko la vitu vikuukuu limekuwa likifanyika tangu mwaka 1873. Aghalabu wauzaji ni warithi, au watu waliosafisha nyumba za marehemu, ambao hawana habari na kile wanachokiuza. Na mnunuzi mwenye maarifa, akisalimu kwa adabu na kupatana bei bila kukidharau kitu cha watu, huondoka na mabehewa matatu au manne kwa fedha isiyozidi bei ya chakula cha mchana.

Jambo la kwanza kulijua ni kipimo. Mabehewa mengi utakayoyakuta yamepunguzwa mara 87, nayo hupita juu ya reli zenye upana wa milimita 16.5, ambao si upana wa kubuniwa: ukichukua milimita 1435, upana wa reli za kawaida za Ulaya, ukazigawa kwa 87, utapata hiyo hiyo 16.5. Kipimo hiki kilipata nguvu baada ya mwaka 1935, wakati kampuni ya Märklin ya Göppingen, ambayo ilianzishwa mwaka 1859 na ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikitengeneza magarimoshi makubwa ya bati kwa watoto wa matajiri, ilipoleta katika maonyesho ya Leipzig garimoshi dogo liwezalo kuzunguka juu ya meza ya chakula. Baada ya vita vikuu vya pili vikaja viwanda vilivyowafikia watu wa kawaida: Lima wa Vicenza, Italia, na Jouef wa Champagnole, Ufaransa, ambao walitumia plastiki iliyomiminwa katika kalibu na kutoa mabehewa kwa wingi usio na kifani. Viwanda hivyo havipo tena kama vilivyokuwa, na majina yao tangu mwaka 2004 ni mali ya Hornby wa Uingereza. Kwa kuwa waliuza mengi, mabehewa yao ni rahisi hata leo. Na wingi huo, ambao mtafuta faida huuhesabu kuwa aibu, kwangu ni neema.

Sharti hata hivyo uyajue magurudumu, kwa kuwa hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Garimoshi la Märklin hutumia umeme wa mkondo geu, ambao huingia kwa njia ya vituo vidogo vilivyo katikati ya reli na kurudi kwa reli zote mbili za pembeni. Kwa hiyo magurudumu ya kushoto na ya kulia yanaweza kugusana kwa ekseli ya chuma bila madhara. Wengine, kama Lima, Jouef, Fleischmann na Rivarossi, hutumia mkondo mnyoofu, ambao huingia kwa reli moja na kurudi kwa ya pili, na behewa kuukuu la Märklin likiwekwa juu ya reli za namna hiyo, ekseli yake huziunganisha reli mbili na kuleta shoti papo hapo. Dawa yake ni kubadili ekseli tu, na za zamani uzifunge katika karatasi uziweke pamoja na behewa, maana siku utakapotaka kuliuza au kulirithisha, mjuzi atauliza habari zake. Tatizo la pili ni ukingo wa gurudumu. Kanuni za MOROP, umoja wa vyama vya magarimoshi madogo vya Ulaya ulioanzishwa mwaka 1954, zinataka ukingo usizidi milimita 1.2 katika kipimo hiki, lakini viwanda vya zamani vilipendelea ukingo mrefu zaidi ili behewa lisianguke mikononi mwa mtoto. Magurudumu hayo hugonga vishikizo vya reli za siku hizi, hivyo mwenye mabehewa ya kale na atafute reli za kale, ambazo nazo huuzwa kwa bei ya chini katika masoko yale yale.

Ama kuhusu maradhi ya mada zenyewe, liko moja ambalo nataka msomaji alijue vizuri. Vipande vingi vya chini ya mabehewa vilitengenezwa kwa kumimina mchanganyiko wa zinki, na pale ambapo chembe za risasi ziliingia katika mchanganyiko huo, hata kwa kiasi kidogo sana, madini huanza kuoza kwa ndani baada ya miaka: huvimba, hujikunja, hupasuka nyufa mithili ya matope yaliyokauka, na mwisho huwa vumbi. Hayatibiki. Joto na unyevu huyaharakisha, na kwa sababu hiyo yeyote anayekusudia kupeleka mkusanyo wake Mombasa, Unguja au Tanga lazima avikague vipande vya madini kwa makini, behewa likiwa juu ya kioo kilichonyooka, ili kuona kama magurudumu yote yanagusa. Baadhi ya watu hudhani kwamba ugonjwa huu huambukiza kutoka behewa hadi behewa, na hukimbilia kuyatupa mazima pamoja na magonjwa. Dhana hiyo haina msingi, kwani ubaya ulimo ndani ya kipande tangu siku kilipomiminwa. Bati huogopa kutu, basi halipasi kuoshwa bali kupanguswa kwa kitambaa kikavu. Plastiki huvumilia maji na sabuni laini, lakini spiriti na petroli zisikaribie kamwe, kwa kuwa huyafuta maandishi yaliyochapwa ubavuni.

Na ni katika maandishi hayo ndipo penye utamu wa elimu yote. Tangu miaka ya 1960 mabehewa ya mizigo ya Ulaya yalianza kuandikwa namba ya tarakimu 12, na viwanda vya mabehewa madogo, baadhi kwa uaminifu na baadhi kwa ulegevu, vikazinakili namba hizo. Tarakimu 2 za mwanzo hueleza aina ya behewa na ruhusa yake ya kupita mipaka. Mbili zinazofuata humtaja mwenyewe: 80 ni Ujerumani, 81 Austria, 82 Luxembourg, 83 Italia, 84 Uholanzi, 85 Uswisi, 87 Ufaransa, na 88 ni Ubelgiji. Nne za katikati hueleza umbo na kazi, tatu hulitambulisha behewa lenyewe miongoni mwa ndugu zake, na ya mwisho ni mizani ya zote zilizotangulia. Mizani hiyo hupatikana hivi: tarakimu 11 za mwanzo zizidishwe kwa 2 na kwa 1 kwa zamu, tangu ya kwanza; kisha tarakimu zote za majibu zijumlishwe, jibu la 16 likihesabiwa kuwa 1 na 6; na kile kinachopungua ili kufikia kumi kamili ndicho tarakimu ya 12. Tuchukue namba 21 81 2471 217-3. Majibu yake ni 4, 1, 16, 1, 4, 4, 14, 1, 4, 1 na 14, ambayo tarakimu zake jumla yake ni 37, na kutoka 37 hadi 40 hupungua 3. Basi ukishika behewa la euro tano mkononi, waweza kulihoji kwa penseli na karatasi, na namba ikikataa kutimia utajua kwamba kiwanda kilibuni au kilikosea. Ikitimia, ingawa bahati yaweza kuitimiza mara moja katika kumi, una dalili njema kwamba behewa la kweli lenye namba hiyo lilipata kuzunguka Ulaya.

Fauka ya namba, kuna alama. Herufi B ndani ya duara refu ni ya shirika la reli la Ubelgiji, lililoundwa mwaka 1926, na mwandishi wa alama hiyo ni Henry van de Velde, msanifu majengo wa sifa kubwa, aliyeichora katika miaka ya 1930. Neno EUROP ubavuni ni la ushirika wa mwaka 1953, ambao kwao mabehewa ya mataifa kadhaa yalichanganywa na kutumiwa kama mali ya wote, ndiyo maana behewa la Mbelgiji liliweza kukaa miezi mingi katika stesheni za wengine bila mtu kulidai. Mabehewa meupe ya Interfrigo, ambayo hayakosekani katika sanduku lolote la soko, yalichukua matunda, nyama na samaki kwa barafu, nayo ni ya kampuni iliyoundwa na mashirika ya reli mwaka 1949. Na yale ya buluu yenye nembo ya dhahabu ni ya kampuni ya mabehewa ya kulala aliyoianzisha Georges Nagelmackers, Mbelgiji wa Liège, mwaka 1872. Rangi ya buluu ilianza mwaka 1922. Hapa ipo ila ya viwanda vya zamani: behewa la kweli la mita 26.4 likigawanywa kwa 87 linapaswa kuwa na urefu wa milimita 303, lakini wengi walilikata hata likawa kama milimita 240, lipate kupita kona kali za meza ndogo. Mimi siihesabu ila hiyo kuwa sababu ya kuyaacha, kwa maana nayo ni habari ya nyumba walimokaa wanunuzi.

Kwa hiyo nasihi yangu kwa anayeanza ni achague jambo moja, kisha alifuate: mabehewa yote yenye 88, au ya barafu tu, au ya bia, au ya kiwanda kimoja katika muongo mmoja. Mkusanyo usio na mpaka huwa ghala. Wala asipake rangi upya, hata pale palipokwaruzwa, kwa sababu rangi ya pili huficha ushahidi wa kwanza na hairudishiki. Na katika daftari aandike tarehe, mahali, bei na kasoro ya kila behewa siku ile ile aliyolinunua.

Lipo pengo ambalo msomaji wa Kiswahili atalihisi mapema. Katika meza hizi za Brussels sijaona kamwe behewa la reli zetu za Afrika Mashariki, wala la njia ya Kindu na Kalemie, ingawa ile ya pili ilijengwa kwa mtaji wa Kibelgiji na kufika ziwa Tanganyika mwaka 1915. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901 ina upana wa mita 1, na ya Kongo ina milimita 1067. Zikigawanywa kwa 87, ya kwanza hutoa milimita 11.5 na ya pili 12.3, na zote mbili hutoshelezwa na reli ndogo za milimita 12. Na reli hizo za milimita 12 si adimu, kwani ndizo zilizotumiwa na magarimoshi ya kipimo cha 1 kwa 120 yaliyotengenezwa Berlin ya Mashariki, ambayo mabehewa yake makuukuu nayo huuzwa kwa bei ndogo. Anayetaka behewa la Mombasa, basi, anunue la Berlin, alivue kiwiliwili, ayahifadhi magurudumu na ekseli zake, na juu yake ajenge bodi mpya kwa plastiki nyembamba au mbao. Vipimo vya kweli viko katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ambako mabehewa ya zamani yamesimama uwanjani na mtu aweza kuyakaribia akiwa na futi ya fundi; kila mita 12 atakazopima zitakuwa milimita 138 mezani kwake.