Mshahara na Ujira wa Mtengeneza Tovuti

Neno “mshahara” lina asili ya neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. “Ujira” latokana na lile lenye maana ya malipo ya kazi. Tofauti hiyo yafaa kupimia haki ya mtengeneza tovuti anayeanza kazi katika vyuo vikuu vya Marekani. Kwa kawaida mshahara wake huwa chini ya ule wa makampuni ya biashara. Hata hivyo, vyuo vingi humwongezea akiba ya uzeeni na msamaha wa ada akitaka kuendelea na masomo. Anayesoma hufidiwa. Asiyesoma, naye angali analipa deni la masomo ya awali, hana faida ya msamaha huo. Basi chuo kisihesabu kuwa ujira kile ambacho mfanyakazi hakukipokea.