Panya Asiye na Jina: Lugha na Uhifadhi wa Viumbe Wadogo wa Msitu wa Mau

Utangulizi

Mtu asimamaye katika mashamba ya chai ya Kericho na kuelekeza macho mashariki huona mahali ambapo kijani cha chai kinakoma na kijani kizito cha miti kinaanza. Huo ni Msitu wa Mau Kusini Magharibi, sehemu mojawapo ya misitu ya Mau ambayo kwa jumla huchukua takriban hekta 400,000. Huko Bomet vilevile, mto Nyangores hutoka katika misitu hiyo, ukapita kando ya mji na hatimaye kuungana na Amala kuuzaa mto Mara. Wakulima wa chai wanajua bayana kwamba mvua na ubaridi unaostawisha zao lao hutegemea msitu huo. Tembo na bongo waishio humo nao wana watetezi wao. Kiumbe ambaye aghalabu hatajwi ni panya.

Makala haya yanaeleza habari za panya wa asili wa Mau, hatari inayomkabili na juhudi zinazomfaa. Hoja kuu ni kwamba kiumbe ambaye lugha haimtofautishi na wengine ni vigumu kumtetea, na kwamba kwa sababu hiyo uhifadhi wake unawahusu pia wanaisimu.

Panya katika Kiswahili

Kiswahili hakikosi majina ya wanyama wagugunaji. Kuna fuko achimbaye mashimo, nungunungu mwenye miiba, ndezi wa nyasini, kindi wa mitini na buku mwenye mwili mkubwa. Wagugunaji wadogo, hata hivyo, huangukia karibu wote katika neno moja, panya. Neno lenyewe limebeba lawama. Njia za panya ni njia za magendo. Panya hutawala paka akiondoka, na wengi wao hawachimbi shimo. Msikilizaji akitajiwa panya, jambo la kwanza analolifikiria ni sumu au mtego.

Lawama hiyo haikutokea bure. Panya wa shambani hula mahindi ghalani, na huyo ni mwenyeji wa Afrika. Lakini panya mweusi wa darini na panya mdogo wa nyumbani asili yao ni Asia, nao walienezwa duniani na vyombo vya baharini na misafara ya biashara. Hivyo basi, kwa sehemu kubwa panya wa msituni hulipa deni la mgeni. Hajawahi kuingia ghalani, ila anaitwa kwa jina la mwizi.

Mfano wa Morogoro unaonyesha jinsi jina linavyoweza kubadili hadhi. Shirika la APOPO, lenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 nchini Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Alipokufa Januari 2022, habari zake zilitangazwa ulimwenguni kote. Alikuwa panya, lakini alikuwa na jina.

Panya wa miti wa Mau

Miongoni mwa wagugunaji wa Mau wapo panya wadogo wa jenasi ya Hylomyscus, wanaoweza kuitwa panya-miti. Mkia wao ni mrefu kuliko mwili, na huwasaidia kujimudu matawini. Hutoka usiku kutafuta mbegu, matunda na wadudu. Wao wenyewe ni chakula cha bundi, kanu na mondo. Panya hao wakitoweka, upungufu hautaishia kwao.

Historia ya kuwataja kisayansi ni somo tosha kuhusu uzito wa majina. Mwaka 1910 mtaalamu wa Kimarekani, Edmund Heller, alimwita mmoja wao endorobae, jina linalokumbusha neno Ndorobo. Baadaye panya huyo alijumuishwa chini ya jina la spishi nyingine, na kwa muda mrefu hakuhesabiwa kuwa spishi kamili. Mwaka 2006 uchunguzi wa vielelezo vya makavazi ulimrudishia hadhi ya spishi kamili. Mwaka 2014 watafiti, akiwemo Bernard Agwanda wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walibainisha spishi nyingine katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, wakaiita Hylomyscus kerbispeterhansi. Panya huyo hakuzaliwa mwaka huo. Alikuwapo siku zote, akihesabiwa kwa jina la mwingine.

Neno Ndorobo nalo lina historia inayofanana na hiyo. Limetokana na lugha ya Kimaasai, na lilitumiwa kwa watu wasio na ng'ombe. Waogiek, warina asali wa Mau, walipewa jina la kile walichokosa. Wao wenyewe hujiita Ogiek.

Makao yanayopungua

Hatari kubwa kwa panya wa msituni ni kupotea kwa msitu wenyewe. Mwaka 2001 serikali iliondoa takriban hekta 22,800 za Mau Kusini Magharibi katika hifadhi ili kuwapa watu makazi. Fauka ya hayo, pamekuwapo ukataji wa miti, uchomaji makaa na malisho ya mifugo. Panya wa mitini huhitaji matawi yanayogusana, mashimo ya kulala na mbegu za aina nyingi. Kichaka cha chai kinachochumwa na kupogolewa kila mara hakimpi hayo, na mikaratusi inayopandwa kwa kuni za viwandani haichukui nafasi ya msitu wa asili. Kipande cha msitu kikizungukwa na chai pande zote huwa kama kisiwa.

Hatari hii si ya Mau peke yake. Panya mkubwa wa Mlima Kenya, Grammomys gigas, ameorodheshwa na Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) miongoni mwa spishi zilizo hatarini.

Juhudi za uhifadhi

Panya hawa huhifadhiwa kwa kuhifadhiwa makao yao. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Kanda za Chai za Nyayo, ambao ulipanda ukanda wa chai pembezoni mwa misitu ili kuzuia uvamizi. Ukanda huo umekuwa mpaka unaoonekana, ingawa wenyewe ulipandwa juu ya ardhi iliyokuwa msitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, ziliwapa wakazi nafasi ya kushiriki katika usimamizi kupitia jumuiya za misitu. Jopo la serikali kuhusu Mau lilitoa ripoti yake mwaka 2009. Vilevile, vipande vya miti ya asili vinavyoachwa kandokando ya mito katika mashamba makubwa ya Kericho vinaweza kuwa madaraja kwa viumbe wadogo.

Swali la haki haliepukiki. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki za Waogiek, ikakataa hoja kwamba uhifadhi ulihalalisha kuwaondoa msituni. Uhifadhi unaomfukuza mtu anayewajua wanyama kwa majina hujinyima shahidi wake bora.

Hitimisho

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata kazi. Waogiek na Wakipsigis wana msamiati wa viumbe wa msituni ambao haumo katika kamusi za Kiswahili. Msamiati huo unaweza kukusanywa kutoka kwa wazee, ukalinganishwa na vielelezo vya makavazi, na istilahi zifaazo zikapendekezwa. Istilahi hazitaotesha mti hata mmoja. Lakini siku mpaka wa msitu utakapojadiliwa tena katika baraza la Kericho au Bomet, atakayesimama kusema kuna panya humo atachekwa. Atakayemtaja kwa jina lake ataulizwa ni mnyama gani huyo, na hapo atapata nafasi ya kueleza.