Vidukari na Bakteria

Geuza jani la mharage au la kunde, ulitazame upande wa chini. Huenda ukaona wadudu wadogo sana, weusi au wa kijani, wamejazana kama ufuta. Hao ndio vidukari. Wengine huwaita wadudu mafuta, na kweli jani lao hunata kama limepakwa mafuta. Kinachonata ni kinyesi chao. Ni kitamu, ndiyo maana sisimizi hawabanduki hapo.

Mwanakisomo mmoja wa darasa letu alinunua dawa ya bakteria, ile ya kuua viwavi. Akaipulizia maharage yake mara tatu. Viwavi walikufa, vidukari wakazidi. Akaniuliza, "Mwalimu, nimeuziwa maji matupu?"

La, hakudanganywa. Dawa ile haiui mpaka iliwe. Kiwavi hutafuna jani pamoja na dawa iliyo juu yake, tumbo likaharibika, akafa. Kidukari hatafuni. Mdomo wake ni kama sindano. Huuchomeka ndani ya jani akanyonya utomvu, na dawa inabaki pale juu.

Tena kidukari mwenyewe amebeba bakteria mwilini, nao ni rafiki zake! Utomvu una sukari nyingi, lakini chakula cha kujenga mwili ni haba. Bakteria hao humtengenezea kile kinachopungua. Mama huwarithisha watoto wangali tumboni. Kidukari akiwakosa hudumaa, na kuzaa kunamshinda.

Je, hakuna bakteria wanaomdhuru? Wapo. Mwaka 2009 watafiti walieleza habari za bakteria wa juu ya majani wanaoua vidukari wa njegere kwa siku chache. Lakini usifurahi upesi. Bakteria hao ndio wanaoleta madoa ya kahawia kwenye majani ya maharage. Nani atawamwaga shambani mwake?

Ugonjwa utakaouona kwa macho yako ni ule wa ukungu, hasa siku za unyevunyevu. Kidukari hufa akiwa amegandia jani, mwili wake una kitu kama vumbi. Mwache hapo hapo, awaambukize wenzake.

Yule mwanakisomo sasa hukagua maharage yake mapema. Wakiwa wachache huwaponda kwa vidole. Wakiwa wengi huwanyunyizia maji yenye sabuni kidogo, chini ya jani, kwa sababu maji hayo hayaui mpaka yawaguse wenyewe.