Fumbo la Thumuni

Mwaka 1986, katika maabara ya IBM iliyoko Rüschlikon, karibu na Zurich, Georg Bednorz na Alex Müller walikuwa wakipoza oksidi ya lanthani, bariamu na shaba. Ilipokaribia nyuzi 240 za Selsiasi chini ya sifuri, ukinzani wake ulianza kuporomoka. Ilipozidi kupoa, umeme ukapita bila kupotea hata chembe. Mwaka uliofuata wakapewa Nobel.

Ugunduzi huo ni mkubwa, lakini kinachoniteka mimi ni kasoro iliyoonekana ndani yake mwaka 1988.

Oksidi hii ni tabaka juu ya tabaka, na mambo yote hutendeka kwenye tabaka la shaba na oksijeni. Bila bariamu, elektroni husukumana kwa nguvu kiasi kwamba kila moja hubaki kwenye atomu yake, kama abiria wa daladala iliyojaa. Umeme haupiti. Kila elektroni ni kisumaku kidogo, na visumaku hivyo hupangika kimoja juu, jirani yake chini. Ukitia bariamu, baadhi ya elektroni huondoka na kuacha mashimo. Sasa kuna pa kusogea: mpangilio wa sumaku hufifia, na ukinzani hutoweka kirahisi zaidi kadiri mashimo yanavyoongezeka. Ila yakifika thumuni, shimo moja kwa atomu nane za shaba, sifa hiyo karibu inazimika. Ukivuka thumuni, inarudi.

Mwaka 1995 John Tranquada na wenzake wa Brookhaven, Marekani, waliichunguza oksidi ya ukoo huo kwa nyutroni. Wakaona mashimo yamejipanga kwa mistari kama matuta ya viazi, na katikati ya matuta ule usumaku wa awali ungali hai. Kuna mstari mmoja kila safu nne za shaba, na ndani yake shimo moja kwa kila atomu mbili. Zidisha nne kwa mbili: ndiyo thumuni yenyewe.

Wengi husema mistari ni adui wa umeme usio na ukinzani. Nadhani wanaharakisha. Vipimo vya mwaka 2007 kwenye oksidi ya thumuni vilionyesha kuwa ndani ya kila tabaka ukinzani huanguka mapema, kwenye nyuzi 233 hivi chini ya sifuri. Kinachokosekana ni ushirikiano wa tabaka na tabaka, na maelezo yanayonishawishi ni haya: mistari ya tabaka moja hukata msalaba ile ya tabaka la juu yake.