Mbele ya kukata resori: gari ya chini inashika njia kweli?

Wandugu, mwezi uliopita mdogo wangu alinitumia picha ya gari ya michezo iliyolala karibu kabisa na lami, na ujumbe mfupi: «Yaya, fundi amekubali kukata resori zangu kesho.» Gari yake ni Corolla ya kuzeeka, iliyovuka ziwa kutoka Kigoma mpaka hapa Kalemie, na ndiyo inayomlipia masomo. Nikampigia simu palepale. Nawaandikia nilichomweleza, maana najua si yeye peke yake mwenye hamu hiyo.

Nilianza kwa kukubali kwamba hakosei kabisa. Ukiingia kwenye kona, uzito unahama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje, na tairi lililoongezewa uzito halipati mshiko kwa kipimo kilekile. Kwa hiyo uzito ukihama kidogo, gari inashika vizuri zaidi. Tupige hesabu. Gari ina kilo 1200, kitovu cha uzito kiko sentimita 55 juu ya ardhi, na kati ya gurudumu la kushoto na la kuume kuna mita 1.5. Kwenye kona inayosukuma gari kwa nguvu ya nusu ya uzito wake, kilo 220 zinahamia nje. Ishushe sentimita 3: zinakuwa 208. Faida ipo, ila ni kilo 12 tu.

Sasa angalia bei yake. Resori (wenzetu wa Kigoma wanaita springi) yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Amotisere inabaki ileile, iliyopimwa kwa resori ya zamani, basi gari inarukaruka. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, resori fupi inalegea na inaweza kutoka mahali pake. Wengine hawakati, wanaichoma kwa moto wa gesi mpaka ishuke yenyewe. Hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu chuma cha resori kikipata moto wa namna ile kinapoteza ugumu wake.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Corolla yake, sawa na Subaru Impreza, mbele ina mfumo wa MacPherson: amotisere na resori zimesimama pamoja, na chini kuna mkono mmoja unaoshika gurudumu. Ukishusha gari mno, mkono ule unageuka, ncha yake ya upande wa gurudumu inaelekea juu. Hapo ile nukta ambayo bodi inainamia inashuka kuliko kitovu cha uzito kilivyoshuka. Umbali kati yao unaongezeka, na gari uliyoishusha ili isiiname, kumbe inatafuta kuinama zaidi! Ukiona haiinami, ni juu ya ugumu wa resori, ama imeshagonga kile kipande cha mpira cha mwisho. Ikigonga katikati ya kona, tairi linaachia ghafla.

Wanamashindano wenyewe wanajua. Timu za rali zinashusha gari zao kwa mashindano ya lami, lakini zikija Kenya kwa Safari Rally, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, zinazinyanyua. Sasa yeye ambaye anapanda njia ya Fizi na watu watano ndani, wakati wa mvua, mawe yakitafuta karteri ya mafuta chini ya injini, anashusha ya nini?

«Sura, yaya,» akajibu. Nilicheka, maana hata mimi naipenda sura ile. Kama angekuwa anaendesha kwenye lami peke yake, ningemwambia atafute resori fupi zilizotengenezwa pamoja na amotisere zake, ashushe sentimita mbili ama tatu, halafu apimishe upya mkao wa magurudumu.

Jumapili tuliingia chini ya gari. Amotisere zote mbili za mbele zilikuwa zinavuja mafuta, na mipira ya ile bare inayozuia kuinama ilikuwa imelika kabisa. Kumbe ndiyo maana alikuwa anaona gari inalewa kwenye kona. Tulibadilisha hivyo tu, resori hatukuzigusa. Sasa anasema gari imetulia. Picha ya gari ya lami bado ameiweka kwenye simu yake.